Semeni: Jina Lililonifanya Dada wa Mchumba Wangu

"Deo, achia huo mkono! Huyo ni dada yako!!"

Sauti ilikuwa ya mama yake Deo, Mama Emiliana. Sinia la ugali lilikuwa limeshamponyoka, limepinduka mlangoni.

Mimi nimekaa pembeni ya mchumba wangu, mkono wangu ndani ya wake...

Akauachia. Haraka, kama kashika kaa la moto.

Jamani, ngoja niwarudishe nyuma kidogo mnielewe.

Ilikuwa miaka ya tisini mwanzoni, enzi za ruksa. Singida Mjini kila kukicha duka jipya, mitumba ndo usiseme! Mimi nauza magauni sokoni, Deo ana kibanda cha kaseti jirani yangu. Tukapendana.

Mjini wote walinijua kwa jina la ubatizo, Loyce. La nyumbani nilikuwa nimelizika kabisa. Kijijini kwetu Kinyangiri, darasa moja tulikuwa Semeni watatu, lakini mjini wenzangu ni akina Jackline na Sheila. Nani anataka kuitwa Semeni mbele ya wateja?

Siku hiyo Deo kanipeleka kwao Ulemo kunitambulisha. Baba yake, Mzee Laurian, mnunuzi wa ng'ombe, kanipokea kwa bashasha.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Unaitwa nani?"

"Loyce."

"Hilo la kanisani. La nyumbani?"

Nikasita. Lakini mkwe utamdanganyaje?

"Semeni."

"Semeni wa nani?"

"Wa Anselm, wa Kinyangiri."

Mzee akaweka kikombe chini. Ndipo sinia likaanguka.

Sasa sikilizeni. Kilichoniua siyo yowe la yule mama. Ni mzee! Hakukataa, hakukubali. Kainamisha kichwa tu, anatazama vidole vyake...

Niliondoka peke yangu. Deo hakunisindikiza hata mpaka barabarani.

Nikapata lori la vitunguu mpaka kwetu Kinyangiri. Njia nzima kichwa kinachemka.

Mbona baba mfupi, mimi mrefu hivi? Na vile vidole vya Mzee Laurian, virefu, vyembamba... si kama vyangu?

Halafu nikakumbuka kitu. Mama hajawahi kuniita Semeni! Baba, shangazi, majirani, wote Semeni. Mama peke yake, Loyce. Kwa nini??

Ukishaanza kushuku, wadau, hata chai ya nyumbani unaiona ina siri.

Nilimkuta mama anapepeta uwele.

"Mama, unamjua Laurian wa Ulemo?"

Ungo ukasimama hewani.

"Nani kakutajia huyo mtu?"

"Ndiye baba yangu?"

Machozi yakamlenga. Akaweka ungo chini, akaingia ndani bila kunijibu!

Basi, nikasema imekwisha. Mama yangu huyu huyu, Yustina wa kwaya!

Kumbe baba alikuwa zizini, kasikia yote.

"Semeni, njoo hapa."

Nikaenda, nikamsimulia ya Deo na yote ya kule Ulemo.

"Tulikaa muda mrefu bila mtoto. Laurian alikuwa anakuja mnadani. Alimtongoza mama yako, akamkatalia mchana kweupe, watu wakamcheka. Mimba ilipoingia, akaanza kujigamba kilabuni kwamba ni yake."

"Ni yake, baba?"

"Ningekuwa na wasiwasi ningekuita Mashaka."

Hakutabasamu.

"Sisi enzi zetu, ukizaa katikati ya maneno ya watu, unawajibu kwa jina la mtoto. Nilisimama pale kisimani nikawaambia anaitwa Semeni. Semeni mpaka mchoke, mtoto ni wangu."

Baba akashusha sauti.

"Ila mama yako sikumuuliza. Mimi nikikuita najisikia mshindi. Yeye akilisikia, ni kama anasemwa upya."

Kesho yake asubuhi mama alitoka kajifunga khanga mbili.

"Twende Ulemo."

"Nitaongea naye mimi," baba akasema.

"Wewe ulishaongea, Anselm. Leo zamu yangu."

Tulipofika, majirani wakaanza kujaa uani. Habari za dada na kaka zilikuwa zimeshazunguka kijiji kizima.

Mama hakukaa.

"Laurian. Umeacha watu wakinisema miaka yote hii. Leo sema wewe. Ulinigusa lini?"

Mzee akakohoa.

"Mambo ya zamani hayo, Yustina..."

"Mwanao anataka kuoa! Utamnyima mke kwa ajili ya sifa za kilabuni?"

Deo akasogea. "Baba... sema kweli."

Jasho linamtiririka mzee wa watu.

"Sijawahi kumgusa," akanong'ona. "Yalikuwa maneno ya pombe."

"Rudia, wa nyuma hawajasikia!"

Akarudia.

Nikalia. Deo akaja mbio kwangu. Watu wakaanza kupiga vigelegele, nikajua yamekwisha...

Hayakwisha!

Mama Emiliana alikuwa bado kasimama mlangoni.

"Kwa hiyo hakuna mtoto?"

"Hakuna, mke wangu. Hajawahi kuwepo."

"Nilikuuliza nikiwa namnyonyesha Deo. Ukacheka. Miaka yote nimelilia mtoto ambaye hayupo, ili wewe uonekane dume?"

Akaingia ndani. Alipotoka ana furushi kichwani. Alimpita mumewe kama anapita mti, akamshika mama yangu mkono.

"Dada Yustina, nilikuchukia bure. Nisamehe."

Akaondoka na sisi.

Ndoa iliyovunjika siku ile haikuwa yangu. Mimi na Deo tulioana, ingawa kwanza nilimsotesha! Mama Emiliana tuliishi naye mjini mpaka alipofariki. Ulemo hakurudi hata kusalimia.

Siku hizi shuleni akina Semeni wameisha, wamejaa akina Brayani. Ukikutana na Semeni mmoja usimcheke jina. Muulize kwao walisemwa nini.

Na ninyi kaka zangu mnaojisifia wanawake msiowajua hata mlango wa nyumba zao, mmenisikia? Mzee Laurian alikimbiwa na mke kwa uzinzi ambao hakuufanya.