Majiko ya Foleni ya Ihela

Kipimasubira hakikulala wala hakikukisia. Ardhini kilikuwa na vihisi vilivyofukiwa kwenye lami kutoka Mbeya hadi mpakani, kila kimoja kidogo kama punje ya hindi. Angani kilikuwa na ndegebubu, vyombo visivyo na sauti vilivyoelea juu ya barabara na kuona kila lori, kila basi, na kila abiria aliyeshuka kuchimba dawa. Kazi yake ilikuwa moja tu, kujua barabara inawaibia watu muda kiasi gani. Kilichukua muda ambao gari lilitumia kweli, kikatoa muda ambao lingetumia kama njia ingekuwa nyeupe, na kilichobaki ndicho kilichoitwa ucheleweshaji. Kwenye ukuta wa Taasisi ya Shoroba barabara yote ilionekana kama kamba ndefu, kijani panapopitika, nyekundu palipokwama.

Siku hiyo kamba yote ilikuwa ya kijani.

"Hata Ihela?" aliuliza Mhandisi Atupele, ambaye ndiye aliyekibuni chombo hicho.

"Hata Ihela, binti yangu," alijibu Dakta Gwamaka, mkurugenzi wake. "Furahi basi. Watu wanapita."

Atupele hakufurahi. Daraja la Ihela lilikuwa moja, jembamba, na malori yote ya nchi tatu yalipita hapo kama uzi kwenye tundu la sindano. Alasiri hiyo Kamati ya Madaraja ingekaa Dodoma mbele ya ukuta kama huu na kuamua kama daraja la pili lijengwe. Wangetazama rangi tu. Na yeye alikwisha kuwaahidi madereva kwa kinywa chake mwenyewe, siku ile alipowaomba wakubali ndegebubu ziwachungulie, kwamba wakipimwa watapata daraja. Sasa kipimo kilikuwa kinasema hakuna foleni. Angewaambia nini?

Gwamaka alikuwa amemfundisha chuoni, na baba yake alipofariki, ndiye aliyesimama mahali pa baba siku ya harusi. Kumshuku mtu kama huyo kulimwia vigumu. Aliaga kwamba anakwenda kula, akachukua gari, akashika njia ya Ihela.

Foleni aliikuta kilometa nyingi kabla ya daraja. Malori ya umeme yalikuwa yamezima, moja nyuma ya jingine hadi juu ya mlima, na kando ya kila lori palikuwa na jiko dogo la bluu lenye birika juu yake. Kila lori, jamani. Zamani jiko lilikuwa moja kwa malori kumi au zaidi, maana chai ya foleni hainywewi peke yako. Aliye na jiko huchemsha, wengine huja na vikombe. Atupele aliinama kusoma maandishi ubavuni mwa jiko la kwanza: *Chai njema, kutoka kwa Mhandisi Atupele.*

"Injinia wetu huyo!" aliita Kitwana Shehoza, dereva wa Tanga aliyeizoea njia hiyo tangu enzi za malori ya dizeli. Ndiye aliyewashawishi wenzake wakubali kupimwa.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Majiko yako tumeyapata. Asante, ingawa tulitaka daraja."

"Nani aliyewaletea?"

"Si wewe? Watu wa taasisi yako. Walisema umetukumbuka."

Atupele alikwisha kuelewa, na alitamani asingeelewa.

Alipokuwa akikifundisha Kipimasubira, madereva walimlalamikia kuhusu sauti. Kila kibanda cha lori kilikuwa na Msimamizi, sauti ya kampuni iliyomtaka dereva akae kwenye usukani muda wote gari linapochelewa, asishuke hata kunyoosha mgongo. Atupele aliwahurumia. Akaweka fungu jipya ndani ya chombo, akaliita hiari. Lori ambalo dereva wake amewasha jiko linahesabiwa kuwa limesimama kwa hiari ya dereva mwenyewe, si ucheleweshaji, na Msimamizi haruhusiwi kufungua mdomo. Alilijaribu kwenye nyika za Usangu, ambako mtu huegesha kwa raha zake, anachemsha, anakunywa, anaendelea. Lilifanya kazi vizuri ajabu. Kwenye foleni hakulijaribu, kwa kuwa majiko yalikuwa ya kuhesabika na hayangeharibu hesabu. Hapo ndipo alipokosea, msomi mzima.

"Kuna jambo nataka unitazamie," Kitwana alisema, safari hii kwa sauti ya chini. "Sanga unamkumbuka? Yule wa Makambako, mwenye kucheka sana."

"Namkumbuka. Yuko wapi?"

"Tumemzika. Kifua kilimbana hapa hapa, pale kwenye kona. Hospitali iko ng'ambo, unaiona ile. Gari la wagonjwa halikuweza kuja wala sisi hatukuweza kwenda. Tulimwashia jiko tumpashie maji, akafia mikononi mwangu. Nataka kujua chombo chako kimemwandika vipi. Mjane wake ananiuliza, nami sina jibu."

Atupele alitoa kibao chake cha mkononi akauliza. Alitaka kukificha, lakini chombo kilijibu kwa sauti ile safi aliyokichagulia mwenyewe: "Lori la Sanga. Lilisimama kwa hiari ya dereva. Ucheleweshaji, hakuna."

Kitwana alitazama barabara.

Atupele alimpigia Gwamaka palepale, sauti ikisikika wazi.

"Mwalimu, majiko ni yako?"

Gwamaka hakukana. Pengine hilo ndilo lililouma zaidi. "Sikugusa hata herufi moja ya kazi yako, Atupele. Niligawa majiko tu. Watu wanakunywa chai, kosa liko wapi?"

"Kwa jina langu?"

"Wangeyapokea kwa jina langu? Sikiliza. Wenye daraja hili, wanaolipwa kila lori likipita, ndio waliotujengea maabara. Likijengwa la pili, la serikali, nani atapita kwao? Tutafungiwa milango, na chombo chako kitaoza stoo. Nimekilinda. Nimekulinda wewe."

"Kuna mtu amekufa hapa."

"Hukuniambia kwamba fungu lako la hiari lingeweza kufanya hivyo," alisema Gwamaka, akakata simu.

Atupele alihisi kama kapigwa kofi na mzazi. Alitazama saa, wajumbe walikuwa wameketi tayari. Kulikuwa na amri moja ambayo Gwamaka hakuwa nayo, ya mbunifu peke yake. Alikisogeza kibao mdomoni.

"Futa fungu la hiari. Barabara nzima, tangu mwanzo."

"Misimamo yote itahesabiwa upya," chombo kilionya. "Nifute?"

"Futa."

Kamba kwenye kibao iligeuka nyekundu kutoka mtoni hadi mlimani. Atupele akashusha pumzi. Ilikuwa kweli tupu, na Dodoma walikuwa wakiiona.

Kisha vibanda vikaanza kusema. Kwanza kimoja, halafu vyote, sauti ileile moja: "Dereva, gari linachelewa. Rudi kwenye usukani. Dereva, rudi kwenye usukani." Watu waliokuwa wamechuchumaa kuzunguka birika waliinuka wakitazamana. Mmoja alimwaga chai yake mchangani. Majiko yakazimwa, na mmoja mmoja wakaanza kupanda.

"Umefanya nini?" Kitwana aliuliza.

"Nimeondoa hiari. Ilikuwa inaficha foleni. Kaka, sasa daraja litapita, nakuhakikishia."

"Na hawa?" Alionyesha kibanda chake kilichokuwa kikimwita. "Tutakaa humo siku nzima kama kuku kwenye tenga hadi daraja liishe?"

"Sikuwa na muda. Kamati ilikuwa imekwisha kukaa."

"Kuuliza kunachukua muda gani, Injinia? Mimi nilikuwa nimesimama hapa hapa, mbele yako." Hakupaza sauti. "Ungetuuliza tungekubali. Kwa ajili ya Sanga tungekaa hata mwaka. Lakini hukuuliza. Yule mwalimu wako hakukuuliza wewe, na wewe hukutuuliza sisi."

Alipanda, akafunga mlango.

Atupele alibaki katikati ya malori. Baada ya muda kibao kilitetemeka na taarifa kutoka Dodoma ikaingia: daraja la pili la Ihela limepitishwa, kwa kura zote. Alisoma mara mbili, akainua kichwa kutafuta wa kumwambia. Alianza na Kitwana. Aligonga kioo, akakionyesha kile kibao, akasema kwa sauti, "Limepita, kaka." Kitwana alitazama mbele, mikono kwenye usukani wa gari lililozimwa. Akaenda lori lililofuata, na lililofuata. Kila alikogonga walimwona vizuri kabisa, na hakuna aliyeshusha kioo.