Tone Moja, Kisha Futa

"Dada, unaiua hiyo mashine!"

Aliyesema hivyo alikuwa wa saba kwenye foleni, na steshenari ile mkabala na geti la hospitali ilikuwa imejaa watu hadi barazani. Mwenye duka hakuinua hata kichwa. Wateja walimwita Dada Kadi, maana kadi zote za harusi za mtaa ule alizitengeneza yeye. Alivaa gauni la njano, penseli kaichomeka kwenye nywele, jasho linamtoka, anasukuma kikata karatasi chake, kile chenye kisu cha duara kinachoteleza juu ya reli. Leo hakikuteleza, kilikwaruza.

"Kama una haraka, kapige kopi kwingine."

"Sina haraka. Naionea huruma mashine."

Watu wakacheka, yeye akakasirika. Ndivyo walivyoanza hao wawili, kwa hasira, na mtu asiniulize kwa nini waliendelea nayo.

Jamaa alikuwa fundi wa mashine za ofisini, mrefu, shati la bluu limepigwa pasi mpaka mikononi. Akaomba kitambaa. Akafuta vumbi la karatasi lililoganda kwenye reli, akadondosha tone moja la mafuta ya cherehani, akapeleka kisu mbele na nyuma, kisha akafuta tena mpaka kidole chake kikatoka kikavu.

"Mafuta ni ya reli tu, tena tone. Yakibaki, yanahamia kwenye karatasi."

Dada Kadi akajaribu. Karatasi ikakatika bila kelele. Akajiuma midomo asitabasamu, akashindwa.

Mwezi haukuisha, simu zikawa hazikatiki.

"Umekula, moyo wangu?"

"Nimekula. Na wewe umeoga, au unanukia grisi?"

"Njoo unuse."

"Mshenzi wewe!"

Basi, asubuhi moja kikata karatasi kikakwama katikati ya kadi mia mbili za harusi, na mama wa bibi harusi anazifuata saa sita. Dada Kadi akampigia fundi wake. Fundi alikuwa kiwandani, jenereta linanguruma pembeni.

"Tia tone moja," alipiga kelele, "kisha futa! Futa reli yote, usibanie!"

Simu ikakatakata. Kilichomfikia Dada Kadi ni "mafuta reli yote, usibanie." Na yeye, kwa kumpenda, hakubania. Akamimina.

Kadi mia mbili zikatoka na madoa ya mafuta pembeni. Mama wa bibi harusi hakupiga kelele; aliziinua moja moja mbele ya wateja wote, akaziacha zidondoke sakafuni. Fundi alipotokea mlangoni saa nane, Dada Kadi alikuwa bado anaokota kadi.

"Umeniharibia kazi! Ulisema mafuta reli yote!"

"Mimi? Nilisema futa! Mjinga gani anamwagia mashine chupa nzima?"

Hata aliyekuwa anahesabu kurasa za kopi zake aliacha.

"Umeniita nani?"

Fundi alijua amekosea, lakini mdomo wake ulikuwa na kiburi kuliko yeye.

"Toka. Na namba yangu uifute. Hilo umelisikia, au nirudie?"

Akatoka. Akaifuta kweli, pale pale barabarani, kwa hasira.

Wiki mbili hawakusemezana. Dada Kadi alilia, akakata karatasi, akalia tena. Fundi naye alinuna mpaka mama yake akachoka.

"Kosa lake nini huyo binti?" mama aliuliza kutoka uani, akifua, bomba linamwaga maji.

"Mama, nilimwambia wazi! Futa! Futa reli yote!"

"Mafuta yapo kabatini! Ya nini saa hizi?"

Fundi akaganda na kikombe mkononi. Kisha akatafuta viatu, maana namba hakuwa nayo tena.

Duka lilikuwa limejaa. Dada Kadi alipomwona, uso ukamwiva.

"Sitaki maelezo."

"Nilisema futa, wewe ukasikia mafuta. Hata mama yangu kasikia hivyo hivyo, na alikuwa uani tu. Hukukosea, mpenzi. Ni simu."

Dada Kadi akaichomeka penseli kwenye nywele.

"Sawa. Mafuta ni simu. Na 'mjinga'? Hilo simu ilikatika wapi? Ulikuwa umesimama hapo hapo."

Fundi akageuka. Akatazama foleni, foleni nzima ikamtazama.

"Mjinga ni mimi," alisema.

"Ulilisema kwa sauti hii siku ile?"

"Mjinga ni mimi!" Mpaka walinzi wa geti la hospitali wakageuka. "Nilikutukana mbele ya watu, nakuomba radhi mbele ya watu. Nisamehe."

Mzee mmoja akakohoa. Dada Kadi akapiga muhuri karatasi ya mteja, akampa, ndipo akajibu.

"Nimekusamehe. Ila hasira bado ninayo."

"Itaisha lini?"

"Jumapili. Njoo nyumbani umwambie mama yangu unanitaka kwa ajili gani."

"Kukuoa."

"Usiniambie mimi, nina wateja. Jumapili saa nne. Ukichelewa, naanza upya."