Tangi la Mbuthia

Pikipiki ilikohoa, ikashtuka kama mtu aliyepaliwa, kisha ikazima katikati ya nyika, mahali ambapo hata kunguru hawakuwa na shughuli. Mbuthia alikanyaga kiki mpaka jasho likamchuruzika puani. Haikuwaka. Akafungua kifuniko cha tangi, akavunja kijiti cha mgunga, akakitumbukiza mpaka chini na kukitoa. Kilikuwa kikavu.

"Nimepunjwa," akasema. "Yule mtu wa petroli wa Mwingi amenipunja."

Nzilani, mkewe, alikuwa ameshuka kiti cha nyuma na kusimama huku ameushika mgongo. Vumbi lilikuwa limempaka uso mzima, yamebaki macho tu, na macho yenyewe yalikuwa mekundu kwa hasira.

"Ulisimama hapo hapo ukimwangalia akijaza mpaka ikamwagika. Amekupunja saa ngapi?"

"Mama Tere, haya mambo ya mashine huyajui."

Huyajui! Neno hilo Nzilani alikuwa akilisikia tangu siku Mbuthia alipoanza kuliunda tangi lake pale mtaani kwao Jericho, mlangoni mwa chumba chao. Mbuthia alikuwa karani wa stoo, mtu wa kalamu sikioni, lakini moyoni alijiona fundi. Alikata bati la pipa, akalikunja, akalilehemu kwa moto wa jiko la Nzilani mwenyewe. Kwa muda wote huo Nzilani alipikia nje akiwa ameinama upepo usizime makaa, na mlo ulinukia petroli. Majirani walipopita na kuuliza, Mbuthia alijibu kwa sauti ya kusikika mpaka sokoni: tangi hili litanipeleka mpaka mto Tana na kunirudisha bila kumwomba mtu petroli.

Kwa haki ya Mungu, lilikuwa tangi kubwa. Lilikaa juu ya chuma cha pikipiki kama soji, ile mifuko ya mizigo, mgongoni mwa punda, tumbo moja huku na tumbo jingine kule, yameungana kwa juu. Kifuniko kilikuwa upande wa kushoto, na bomba la kupeleka petroli kwenye injini lilikuwa huko huko kushoto. Kwa chini Mbuthia alipitisha kipaipu kidogo cha kuunganisha matumbo mawili ili petroli ijisawazishe yenyewe. Kipaipu hicho ndicho alichojivunia kuliko vyote. Kwa sababu ya uzito wa tangi, jerikeni la pili la maji liliachwa nyumbani, chini ya kitanda.

"Tutakunywa njiani," alikuwa amesema.

Njiani wapi? Walikuwa wanaenda kumchukua binti yao, Teresiah, wa miaka sita, aliyekaa na dada yake Nzilani tangu mvua za masika. Dada huyo, Mbeti, aliishi na mumewe Matheka kwenye kambi ya watengeneza barabara karibu na mto. Barabara kuu ilifika huko, ndefu na yenye watu. Lakini mwenye tangi kubwa hafuati barabara ya watu wote. Mbuthia alikata kulia, akashika njia ya zamani ya malori ya mkaa, njia iliyokuwa imeota miiba, na hakumwambia mtu yeyote duniani kwamba angepita hapo.

Ndipo walipo sasa.

"Maji imebaki ngapi?" Mbuthia akauliza.

Nzilani alitikisa jerikeni dogo. Lililia kwa sauti nyembamba. "Ya kulowesha midomo. Si uliacha ile ingine?"

Mbuthia alikaa kivulini, kama kile kilistahili kuitwa kivuli, akapandisha suruali. Ukingo wa bati ulikuwa umemsugua goti safari nzima, na nyama ilikuwa imefunguka. Nzi walishafika, wao hawakupotea njia. Nzilani alichana pindo la leso akalifunga lile jeraha, akalikaza kuliko ilivyohitajika.

"Unaniumiza."

"Tangi ndiyo imekuumiza."

Jua lilikataa kushuka. Joto lilitoka juu na kutoka chini, na mchanga ulichoma kupitia soli za viatu. Jua lilipolegea, Mbuthia alisema watatembea kuelekea mashariki, mto hauwezi kuwa mbali. Nzilani alitaka wabaki penye pikipiki ili anayepita awaone. Nani apite? akauliza Mbuthia, na kwa mara ya kwanza Nzilani alitambua kwamba mumewe alikuwa na hofu. Jambo hilo lilimuudhi zaidi. Kama ni kuogopa, si angeogopa wakiwa bado Jericho!

Walitembea. Miiba ilishika nguo, ikashika nywele, ikashika ngozi. Walikuta kinyesi cha ndovu, kikavu, kisha kingine ambacho hakikuwa kikavu, wakapiga kona kubwa. Mbuthia alivuta mguu. Giza lilipowakuta, walikaa migongo ikiegemeana chini ya kichaka, na Nzilani hakufumba jicho. Alikuwa anawaza mtoto. Nani angemwambia Teresiah? Angeambiwa tu kwamba baba na mama waliondoka Jericho na pikipiki, basi, na mtoto angekua akidhani ametupwa. Hasira ilimpanda mpaka akawa anatetemeka, na Mbuthia akadhani ni baridi, akamvisha koti lake.

Asubuhi walifika kwenye laga, mto wa mchanga mtupu. Walichimba kwa mikono, kucha zikivunjika, mpaka mchanga ukabadilika rangi ukawa na unyevu. Maji hayakuja. Nzilani alifukia kipande cha leso mle ndani, akakikanyaga, akakitoa kikiwa kimelowa. Wakanyonya kwa zamu, matone yenye ladha ya udongo. Kisha akakifukia tena.

"Mguu hautembei," Mbuthia alisema. Goti lilikuwa limevimba, na mstari mwekundu ulikuwa umeanza kupanda pajani. "Wewe endelea. Niache hapa."

"Nikuache nimwambie mtoto nini? Simama!"

"Twende wapi?"

"Turudi kwa pikipiki. Angalau hiyo mtu ataiona."

Walifuata nyayo zao wenyewe, Mbuthia akimwegemea begani. Nzilani alibeba kile kitambaa kilicholowa ndani ya jerikeni tupu kama mtu aliyebeba yai, kisikauke. Maneno yalikuwa yakimtoka njia nzima, hakujali kama anasikilizwa. Alisema juu ya jiko lake, juu ya maji chini ya kitanda, juu ya njia ya mkaa. Alisema jinsi Mbuthia alivyomkaripia tangu walipopita Ukasi. "Nikikuambia pikipiki inavuta kulia, unaniambia ni mimi sijakaa sawa! Kaa katikati, kaa katikati! Mpaka mgongo umepinda!"

"Ilikuwa inavuta, kweli," Mbuthia akasema kwa sauti ndogo.

"Sasa ndiyo unajua!"

Pikipiki ilikuwa pale pale, imesimama kwa stendi yake ya kati, imejaa vumbi. Nzilani alimkabidhi mumewe kitambaa anyonye kwanza, kwa kuwa ndiye mgonjwa. Akageuka kutafuta kivuli. Alipogeuka tena, alimwona Mbuthia amekishika kile kitambaa, macho yako mbali, na mkono wake unafuta nacho vumbi juu ya tangi.

Ni mazoea tu. Kila aliposimama alilifuta. Lakini yalikuwa maji yao ya mwisho.

Nzilani hakukumbuka baadaye alipita wapi. Alijikuta upande wa kulia wa pikipiki, mikono miwili juu ya lile tumbo la bati, na sauti iliyomtoka haikuwa ya binadamu. Alisukuma. Alisukuma kwa ajili ya jiko, kwa ajili ya mgongo, kwa ajili ya Teresiah. Pikipiki iliyumba, ikang'oka kwenye stendi na kuanguka upande wa kushoto kwa kishindo.

Kisha, ndani ya bati, kitu kikasema: gubu, gubu, gubu.

Wote wawili waliganda. Harufu ya petroli ikawafikia, na mstari mdogo ukaanza kutiririka kutoka kwenye kifuniko ukinywewa na mchanga.

"Ziba!" Nzilani akafoka. "Ziba hapo!"

Mbuthia alijirusha kwa goti lile lile bovu, akakandamiza kifuniko kwa viganja. Uso wake ulikuwa umepauka. Alielewa, na Nzilani aliona anavyoelewa, kidogo kidogo, kama mtu anayesomewa hukumu. Lehemu ilikuwa imedondokea ndani ya kile kipaipu ikakiziba. Injini ilikunywa tumbo la kushoto likaisha, na la kulia, lililojazwa kwa juu pale Mwingi, likabaki limejaa, likivuta pikipiki upande wake, njia nzima, siku nzima. Na sasa limemiminikia la kushoto kupitia juu, pale matumbo yalipoungana.

"Imo," Mbuthia akanong'ona. "Mama Tere, imo. Imekuwa imo tu."

"Inua kwanza!"

Waliiinua, wakianguka, wakiinua tena. Mbuthia hakuweza kukanyaga kiki kwa mguu ule, basi Nzilani akakanyaga. Alikanyaga mpaka kiatu kikachanika. Injini ikakohoa, ikakataa, ikakohoa tena, ikashika.

Walikwenda kwa mwendo wa mgonjwa, na Nzilani ndiye aliyesema wapite wapi. Penye mchanga alishuka akasukuma. Macho yalimdanganya mara kwa mara akiona maji ambayo hayakuwepo, kwa hiyo miti ya mikoma ilipojitokeza kwa mbali, mirefu, imejipanga kandokando ya mto, hakuiamini mpaka alipoona moshi wa jikoni na malori ya kambi.

Watu walikimbia kuwalaki. Teresiah alikuwa nyuma ya Mbeti, ameshika gauni la mama yake mdogo huyo kwa mikono miwili. Nzilani alifungua mdomo amwite. Hakuna kilichotoka. Vumbi, kiu na siku mbili za kugomba vilikuwa vimemaliza sauti yote.

"Si mama," mtoto akasema, akajificha.

Mbeti alimketisha dada yake chini, akampa maji kwa kikombe kidogo kidogo, akamwosha uso. Teresiah alichungulia, akautazama uso ukitokea chini ya matope, kisha akaja mbio na kumwangukia kifuani. Nzilani alimshika mpaka mtoto akalalamika kwamba anabanwa.

Matheka alikuwa anaizunguka pikipiki. "Shemeji! Mmepita ile njia ya mkaa? Watu wanaiogopa hata wakiwa na malori! Wewe ni mwanamume bwana. Na hii tangi, umetengeneza mwenyewe?"

Wafanyakazi wa kambi walisogea kusikiliza. Mbuthia alipenda sana watu wakisogea. Aliegemea lori, goti limefungwa kwa leso, akamtazama mkewe, akaona mdomo wake unavyofunguka bila neno.

"Usiisifu," akasema. "Hii tangi ilitaka kumwacha mtoto bila mama. Petroli imejaa ndani, na sisi tunakufa kiu kando yake. Mke wangu aliniambia inavuta kulia. Nikamwambia hajui kukaa. Maji niliyaacha nyumbani, ni mimi. Njia ile, ni mimi. Mwenye petroli wa Mwingi nilimsingizia bure. Na kama si mke wangu kukasirika, mngekuja kutuokota mifupa."

Mbuthia alipangusa uso, akamtazama mkewe kama anayeomba ruhusa ya kupumzika. Lakini yalikuwa yamebaki mengi, jiko, mgongo, kitambaa. Nzilani alimeza funda la maji, akamkumbatia Teresiah kwa mkono mmoja, na kwa ule mwingine akamwashiria mumewe: endelea.