Kristina na Boya Jekundu

Kila siku kabla ya kwenda shule, Kristina alimsaidia mama yake, Josephina, kumwagilia bustani ya mboga nyuma ya nyumba yao, Kilakala. Maji aliyachota kwenye kijito kinachoteremka kutoka mlimani, ndoo moja kila mkono. Alikuwa na umri wa miaka kumi na minne. Mikono yake ilikuwa na nguvu, na ulimi wake pia. Majirani walisema mtoto yule hakubali jambo mpaka aelezwe sababu yake.

Jumamosi moja, mjomba wake, Mzee Pazi, alifika kutoka Mkuyuni. Kwa Waluguru, mjomba ana neno zito juu ya watoto wa dada yake, kwa hiyo Kristina aliweka ndoo chini mara moja.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Nasikia unataka kuwa baharia."

"Ndiyo, mjomba. Mwalimu Rashmi ametuandikisha. Ni mbio za majahazi kule Bagamoyo. Mabaharia ni wanafunzi watupu kutoka mikoa mbalimbali, na nahodha anawafundisha."

"Mluguru na bahari wapi na wapi? Sisi ni watu wa milima. Ukizama, mimi nitaueleza nini ukoo?"

"Nimejifunza kuogelea, mjomba. Na hao watoto wa pwani hawakuzaliwa wakijua kuvuta tanga. Walifundishwa. Nami nitafundishwa."

Josephina alikohoa ili kuficha kicheko. "Mwache aende, kaka. Akishindwa, atarudi."

"Sitashindwa," alisema Kristina.

Mzee Pazi alikubali shingo upande.

Huko Bagamoyo, Kristina alipangiwa jahazi liitwalo Mwanakwetu. Nahodha wao alikuwa mwanamke mrefu mwenye sauti ya kukwaruza, Nahodha Mwajuma. Kiongozi wa wanafunzi alikuwa Salum, mtoto wa mvuvi, aliyeijua bahari tangu utotoni. Siku ya kwanza Kristina alitapika mpaka akaishiwa nguvu.

"Mtu wa milimani huyo!" Salum alimcheka. "Mrudisheni kwao akapande kabichi."

Kristina alifuta mdomo, akashika tena kamba ya tanga. "Kabichi napanda, na kamba navuta," alijibu. "Wewe je, unaweza yote mawili?"

Hakuacha. Viganja vilichubuka, akavifunga kitambaa. Baada ya wiki mbili, Nahodha Mwajuma alimweka omo, yaani mbele kabisa ya jahazi, awe mlinzi wa njia, kwa sababu macho yake yalikuwa makali.

Siku ya mbio ilipofika, upepo ulikuwa mzuri na Mwanakwetu likatangulia. Walipokuwa wakilizunguka boya jekundu lililowekwa kuwa alama ya kugeukia, Salum alikuja omo kutazama. Hapo wote wawili wakaona ubavu wa jahazi ukiligusa boya. Kanuni ilikuwa wazi: anayeligusa lazima arudi alizunguke upya.

"Tumeligusa," alisema Kristina.

"Nyamaza," Salum alinong'ona. "Tanga limetukinga. Hakuna aliyeona."

"Mimi nimeona. Na wewe umeona."

"Ukisema, tutakuwa wa mwisho! Unataka wenzako wakuchukie?"

Kristina aliwatazama wenzake wakishangilia, jasho likiwatiririka. Kisha akageuka, akapita katikati yao hadi nyuma alikokaa nahodha.

"Nahodha, tumeligusa boya."

"Una hakika?"

"Ninayo."

"Geuza!" Nahodha Mwajuma aliamuru.

Majahazi mengine yakawapita, moja baada ya jingine. Mwanakwetu likafika la mwisho.

Jioni ile, wakati wa chakula, hakuna aliyekaa karibu na Kristina. Mtu mmoja alisema kwa sauti, "Msaliti." Baadaye Mzee Pazi alimpigia nahodha simu, akaomba kuzungumza na Kristina. Nahodha alikuwa amemweleza habari zote.

"Si nilikuambia? Hao si watu wako. Kesho panda basi, urudi nyumbani."

Kristina alifuta machozi. "Nisamehe, mjomba. Sirudi. Kesho kuna mbio za pili, na mimi sijakosa kitu cha kunikimbiza."

Kesho yake upepo ulivuma kwa nguvu. Mwanakwetu lilikuwa la tatu. Walipokaribia pwani, Kristina aliona maji mbele yamebadilika rangi na kuwa ya njano.

"Fungu la mchanga mbele!" alipiga kelele. "Kulia! Geuzeni kulia!"

Hamisi, mwanafunzi aliyeshika usukani, alisita. "Hapa pana kina! Akikosea, tunapitwa na wote!"

Salum alimtazama Kristina kwa kitambo kifupi tu. "Geuza, Hamisi! Huyu akisema ameona, ameona!"

Jahazi lililala upande, kamba zikalia, wakapita pembeni ya fungu. Jahazi lililokuwa la pili likaenda moja kwa moja, likakwama mchangani. Waokoaji waliokuwa kwenye mashua wakaenda kuwasaidia waliokwama. Hakuna aliyeumia. Mwanakwetu likamaliza la pili.

Ufukweni, Salum alimwendea Kristina mbele ya wenzake wote. "Jana nilikuonea," alisema. "Nisamehe."

"Nimekusamehe. Lakini usiniambie tena ninyamaze."

Wenzao walicheka, kisha wakamsogelea mmoja mmoja kumpa mkono.

Alipofika nyumbani, alimkuta Mzee Pazi amekaa barazani na mama yake. Alisimulia yote, hata sehemu ya kutapika. Mjomba alisikiliza mpaka mwisho.

"Nilidhani ukaidi wako utakuponza," alisema hatimaye. "Kumbe kuna ukaidi wa kujivuna, na kuna ukaidi wa kukataa uongo. Wa kwanza uuache. Wa pili ushike hata wote wakikuchukia. Mtu asemaye kweli siku inayomuumiza, ndiye atakayeaminiwa siku ya hatari. Bila imani ile, jahazi lenu lingekwama."

"Asante, mjomba. Basi mwakani naweza kwenda tena?"

"Mwakani?" Mzee Pazi alimgeukia dada yake. "Josephina, umemsikia mwanao?"

"Nimemsikia," alijibu Josephina. "Nawe umeshamsikia. Mkatalie basi, tuone."

Mzee Pazi alicheka mpaka akashika mbavu. "Nenda," alisema. "Ila safari hiyo nitakuja mwenyewe nikutazame."