Kiti Kinacholia

Jumamosi ya mwisho wa mwezi duka lilijaa mpaka mlangoni. Watu walibonyeza kila kinachobonyezeka, spika za mbele zikapiga nyimbo tofauti kwa wakati mmoja, na katikati ya vurugu hiyo akasimama mwanamke mwenye gauni la kijani lililopigwa pasi likanyooka, ameziba masikio kwa viganja. Watu walimpita tu. Muuzaji wa kona ya nyuma alimwona, akampungia mkono aje.

Wenzake walimwita Masikio. Alikuwa mtu wa makamo, mrefu, shati amelifunga vifungo mpaka shingoni, na kazi yake ilikuwa kuuza hedfoni za bei kali, zile ambazo wengi huzishika, huuliza bei, kisha huzirudisha mezani kwa adabu. Kona yake ilizungushiwa kioo. Ukifunga mlango, kelele zote zinabaki nje.

Mwanamke aliingia, mlango ukafungwa, ndipo akashusha mikono. Akasema anataka kusikiliza muziki usio na maneno. Gitaa, piano, fidla, mtu asiimbe kabisa.

"Waimbaji wamekukosea nini, dada?"

"Mimi ni mpokea simu wa kampuni ya maji. Kutwa nzima nafokewa masikioni. Maji yakikatika kwako humpigii meneja, unanipigia mimi."

Masikio alicheka, kisha akakumbuka kwamba majuzi tu maji yalikatika kwake akapiga, na hakuwa mpole. 

Alimwekea hedfoni tatu mezani. Kwanza alizisawazisha sauti, maana inayopiga kwa nguvu kuliko nyingine humdanganya mtu akadhani ndiyo bora. Ya kwanza ilikuwa nyeusi, inafunika sikio lote, besi yake nzito. Mwanamke alisikiliza piano akakunja uso, akasema piano imefungiwa kabatini. Ya pili ilikuwa na vikombe vya mbao. Gitaa lilitoka tamu, la joto, na Masikio alidhani hapo biashara imekwisha.

"Hii inanibembeleza mno," mwanamke alisema. "Kila kitu inakisifia. Siiamini."

Ya tatu ilikuwa wavu mtupu kwa nyuma, unaona mpaka ndani. Alipoivaa alifumba macho. Fidla zilikuwa nne, kila moja imekaa mahali pake, na katikati yao kulikuwa na nafasi ya mtu kupita. Alikaa hivyo mpaka kipande kikaisha, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba alijiona yuko chumba kimoja na wapigaji.

Masikio hakutaka kumficha. Akamweleza kwamba hedfoni ya namna hiyo haifungi chochote: kelele za nje zinaingia, na muziki wa ndani unatoka, hivi kwamba aliyekaa kando yako anasikia unachosikiliza.

"Nakaa peke yangu," mwanamke alisema. "Atasikia nani?"

Masikio akajifanya ananyoosha waya.

Naye alikuwa anakaa peke yake, chumba na sebule, ghorofa ya tatu. Mkewe aliondoka zamani akaolewa kwingine, hata ugomvi wa kusimulia haukuwapo. Akitoka kazini alikuwa akivaa hedfoni kabla hajavua viatu, akapika nayo kichwani, akala nayo, waya ukiburuzika sakafuni kama kamba ya mbuzi. Dada yake alipiga kila Jumapili kuuliza kama amekula. Simu nyingine zilikuwa za watu waliokosea namba.

Yule mwanamke hakununua siku ile, wala Jumamosi iliyofuata, wala ile nyingine. Alikuja kulinganisha. Masikio alimtunzia vipande: leo gitaa peke yake, wiki ijayo okestra nzima, kuona ni hedfoni ipi inachanganyikiwa wapigaji wakiwa wengi. Wenzake wa mbele walianza kumtania kwamba kuna watu wanauza na kuna watu wanachumbia kwa umeme wa duka. Masikio alianza kumwita yule mwanamke Bi Simu. Bi Simu alimwita muuzaji mvivu kuliko wote mjini, maana hauzi. Jioni wakawa wanapigiana, na mtu aliyechoka kupokea simu kutwa nzima akawa anapiga mwenyewe, anauliza, "Masikio, umeshavua viatu?"

Ndipo Bi Simu akamletea rekodi iliyokuwa kwenye simu yake. Alikuwa mume wake, marehemu, fundi seremala, akipiga gitaa nyumbani. Kila siku aliisikiliza kwa vile vidude vya masikioni vinavyouzwa barabarani, akasikia gitaa likipigwa ndani ya pipa. Aliomba ahamishiwe vizuri, aisikilize siku moja kwa ile hedfoni ya wavu.

Masikio aliichukua kama mtu aliyekabidhiwa mtoto. Aliiweka kwenye kompyuta ya duka akasikiliza. Gitaa lilikuwa zuri, ila nyuma yake kulikuwa na uchafu: mtu anahema, kiti kinalia kila anapojitikisa, mngurumo mdogo wa chumba. Akakaa kuusafisha. Alifuta pumzi moja moja, akafuta kiti, akabakiza nyuzi tupu, safi kama zimepigwa studio. Kuna jambo kila anayefanya kazi hii hulifanya mwishoni: husikiliza kile alichokitoa, peke yake, kuhakikisha hakuna muziki uliotoka pamoja na uchafu. Siku hiyo hakulifanya. Bi Simu alikuwa njiani, naye alikuwa na haraka ya kumfurahisha.

Alimvisha mwenyewe, akasimama akisubiri uso wake ubadilike.

Ulibadilika. Bi Simu alisikiliza kidogo, akavua, akaiweka mezani taratibu.

"Yuko wapi?"

"Nani?"

"Alikuwa anahema. Kiti chake kilikuwa kinalia. Alikitengeneza mwenyewe, watu wakamcheka, seremala gani kiti chake kinalia, akasema ndivyo anavyojua kwamba amekaa. Yuko wapi?"

Masikio alianza kueleza habari za mngurumo na usafi, akajisikia anavyoongea kama tangazo la duka.

"Umebakiza gitaa ukamtoa mtu," Bi Simu alisema. "Ulikuwa unamwonea wivu maiti?"

Alitoka akauacha mlango wazi, kelele zote zikaingia.

Rekodi ya kwanza haikupotea, Masikio alimrudishia kwenye simu jioni ileile. Iliingia, ikasomwa, jibu hakuna. Alipiga, haikupokelewa. Jumamosi ikaja, hakuna gauni la kijani. Wenzake waliacha kumtania, na hilo lilimuuma kuliko utani. Nyumbani alivaa hedfoni asiwashe kitu, akakaa anasikiliza damu yake inavyokwenda. Lile swali la wivu lilimrudia kila usiku. Alitaka kujibu hapana, hapana haikutoka.

Siku moja duka likiwa tupu alifungua kile alichokitoa, akavaa ile ya wavu, akafanya kazi aliyoiacha. Gitaa halikuwapo. Palikuwa na mwanamume tu, anahema. Kiti kililia, kikanyamaza, kikalia. Mtu alikohoa akajizuia. Masikio alimsikiliza mpaka mwisho, na mwishoni, pale ambapo siku zote mlio wa uzi wa mwisho ulifunika kila kitu, akasikia jambo lililomfanya avue hedfoni, aivae tena, arudie.

Bi Simu hapokei, basi. Akapiga kampuni ya maji.

Alisubiri foleni, akapokewa na kijana. Akamwambia samahani maji yamerudi, akakata. Akapiga tena, akapokewa na mama mmoja mkali, yakarudi tena. Kwenye laini hiyo maji yalirudi mara nyingi asubuhi ile. Hatimaye:

"Huduma kwa wateja, nikusaidie nini?"

Alimjua kabla hajamaliza. Naye akajulikana kwa kuhema tu, maana kimya kilifuata. Lakini simu za kampuni hurekodiwa, na mpokeaji haruhusiwi kumkatia mteja.

"Nina malalamiko," Masikio alisema.

"Eleza malalamiko yako, mteja."

"Kuna fundi alikuja kusafisha, akatupa kitu cha mwenye nyumba. Hakuangalia alichotupa."

"Fundi huyo ni mzembe."

"Sana. Sasa ameangalia. Amekuta humo kuna kitu cha mwenye nyumba mwenyewe, hajawahi kukiona. Anaomba aje akichukue."

 Nyuma yake simu nyingine zilikuwa zinaita.

"Malalamiko yako yamepokelewa," Bi Simu alisema, sauti ikamtetereka kidogo penye neno la mwisho. "Kuna jingine, mteja?"

"Ameshavua viatu," Masikio alisema. Hakujua kwa nini alisema hivyo. Upande wa pili mtu alijizuia kucheka.

Alikuja akitoka kazini, kavaa kitambulisho cha kampuni shingoni, hakusalimia. Alikaa, akajivisha. Masikio aliwasha akageukia ukuta. Kwa kuwa hedfoni ile haifichi kitu, yeye pia alisikia pale alipo: pumzi, kiti, pumzi. Kisha kutoka chumba cha mbali, kwa udogo kabisa, sauti ya mwanamke mwenye furaha: "Chai inapoa, mfalme wangu." Na mwanamume akajibu nakuja, kiti kikalia kwa nguvu, kama mtu anayeinuka.

Bi Simu alirudia. Akarudia tena. Machozi yalimdondokea kwenye kitambulisho.

"Nilidhani alirekodi nikiwa sipo," alisema. "Miaka yote hii nasikiliza, najiona siko humo."

Alijipangusa, akamtazama sawasawa. "Ulikuwa na wivu?"

"Kidogo," Masikio alisema. "Siku ile sikujua. Nimejua baadaye."

 Bi Simu aliichukua ile hedfoni ya wavu, akaizungusha mikononi, akasema anaichukua, na kwamba muuzaji mvivu hatimaye ameuza. Mlangoni akasimama. Akamwambia kama Jumapili hana shughuli aje, kwa sababu si alisema aliyekaa kando anasikia.

"Anasikia kidogo tu," Masikio alisema. "Si sauti nzuri."

"Sikukuuliza kama ni nzuri."

Jumapili dada yake Masikio alipopiga, alimkuta barabarani, akashangaa.

Sebule ya Bi Simu ilikuwa ndogo, pazia jeupe, kila kitu mahali pake. Kwenye kona kulikuwa na kiti cha mbao kisicho na mto. Masikio hakuuliza. Alikaa kwenye kochi, mwisho kabisa, na Bi Simu akakaa mwisho mwingine, akavaa, akawasha rekodi nzima, yenye pumzi na yenye kiti.

Masikio, aliyeishi maisha yake yote kwa kuuza sauti safi, alisikiliza gitaa jembamba kama redio ya jirani. Besi haikuwapo, kila kitu kilikuwa mbali. Alikaza sikio, hakusogea. Kiti kililia ndani ya hedfoni, na kile cha kona kikakaa kimya, na wao wawili wakakitazama.

Uzi wa mwisho ulipoisha Bi Simu alikaa kidogo hajavua. Kisha akavua, akaenda jikoni, vikombe vikagongana. Akakawia. Masikio alibaki na pazia na kile kiti, akafikiri pengine asubiri kuagwa.

"Chai inapoa," sauti ilisema kutoka kule.

Haikusema mfalme wangu. Masikio alisubiri kidogo kuona kama lipo neno lililobaki. Halikuwapo.

"Nakuja," alisema, akainuka.