Jina la Kabwe Kwenye Matanga

Ignace ni fundi cherehani wa Marshalltown, jijini Johannesburg. Juma lile alishona mashati ya matanga, maana baba yake alifariki Kalemie, kwao Kongo, na yeye hakuweza kwenda kuzika. Matanga angeyafanyia nyumbani kwake, mtaa wa Observatory.

Kwa desturi yao, mtoto mkubwa wa marehemu husimama akawataja wazee wa ukoo mmoja mmoja. Ignace aliandika majina yote. La babu yake, Kabwe, akaliacha.

"Papa Gaël, mbona babu hayupo?" aliuliza mkewe, Célestine, akimwita kwa jina la mtoto wao.

"Yule aliyewafuata Wabelgiji kwenda kupiga watu Tabora? Ile ni aibu. Simtaji!"

Loo, mtu mbishi! Hata baba yake alipojaribu kumweleza habari za Kabwe kwa simu, hakutaka kusikia.

Jirani yao Jelimo, Mkenya anayefundisha historia chuo kikuu, alikuwa jikoni akisaidia kumenya vitunguu. Akatoka na kisu mkononi.

"Pole na msiba, Baba Gaël, lakini hapo unamwonea babu. Mwaka 1914 Wabelgiji, waliotawala Kongo, walitaka Kongo ikae kando ya Vita ya Kwanza ya Dunia. Kulikuwa na mkataba ulioiruhusu."

"Basi ikapigana kwa nini?"

"Wajerumani waliivamia Ubelgiji kule Ulaya. Agosti mwaka huohuo meli yao ikashambulia Lukuga, kwenye Ziwa Tanganyika. Ndiyo Kalemie yenu ya leo. Kukaa kando kukaishia hapo, Wabelgiji wakaenda kupigana na Wajerumani hadi Tabora. Babu alikuwa askari?"

"Hapana. Alibeba mizigo."

"Eish! Wapagazi wengi hawakuulizwa. Walikamatwa vijijini wakabebeshwa risasi na chakula. Maelfu walikufa njiani kwa njaa na magonjwa. Aibu ni ya nani hapo?"

Ignace akainamisha kichwa. "Baba alisema babu alikuwa na makovu mabegani. Nikamwambia aache mambo ya zamani."

Jumamosi watu walijaa sebuleni. Shangazi yake alisikiliza kwa simu kutoka Kalemie. Ignace akataja wazee wote, kisha akasema kwa sauti, "Na Kabwe, mpagazi, aliyebebeshwa vita isiyo yake."

Shangazi akaangua kilio. "Asante, mwanangu! Baba yako alitaka sana kukueleza. Alisema mtandao wa Johannesburg ni mbovu, kila akianza kumtaja Kabwe simu inakatika."

Ignace akalia mbele ya watu wote. Mtandao haukuwa na kosa, na yeye alijua.

Siku hizi shangazi akipiga simu, Ignace anazima cherehani, anakaa, anamsikiliza mpaka amalize.