Chumba cha Watu Wawili

"Sasa tazameni ukutani," Fundi aliwaambia walimu kumi na wawili waliojazana kwenye chumba cha mikutano cha idara. "Mtu akiandika ujumbe huku, wote mnauona papo hapo. Habari ya kusubiri barua pepe wiki nzima imekwisha."

Kweli ujumbe ukatokea ukutani. Ila si ule aliouandaa yeye.

"Mke wangu mtarajiwa, ukimaliza kuwafundisha hao wazee kubonyeza, pitia stoo ya karatasi. Nimekuwekea kiti chenye mto. Jana ulilalamika mgongo."

Juu yake palikuwa na jina la mwandishi: Mhazili wa Idara.

Chumba kikalipuka kwa vicheko.

"Wazee!" alisema mwalimu wa takwimu, akijipapasa upara. "Kumbe sisi ni wazee wa kufundishwa kubonyeza! Na huyu naye, mchapaji wa mitihani, amepata wapi ubavu wa kumtamani fundi mzima?"

Vicheko vikazidi. Fundi alihisi masikio yakimwaka moto. Walikuwa wapenzi tangu mwaka jana. Hata tangazo la kazi hii ni Mhazili aliyemletea, wino bado mbichi, akamwambia, "Hii kazi ni yako, omba." Lakini alipoipata, Fundi ndiye aliyetaka mapenzi yao yawe siri. "Nipo kwenye miezi ya majaribio," alimwambia. "Wakinithibitisha, tutawaambia watu." Mhazili akakubali bila neno.

Mkuu wa idara, profesa mama asiyependa utani kazini, alivua miwani.

"Fundi, kuna jambo kati yako na mhazili wangu?"

Mhazili mwenyewe ndiyo kwanza anaingia mlangoni, kakumbatia karatasi za mwongozo kifuani. Aliuona ukuta. Aliziona nyuso. Kisha akamtazama Fundi.

"Hapana, Profesa," Fundi alisema. "Hata mimi nashangaa."

"Kwa hiyo anakusumbua?"

Fundi aliinama, akajifanya anachomoa waya. Hakusema ndiyo, hakusema hapana.

Mhazili aliziweka karatasi mezani taratibu, kama anayetua mayai.

"Kosa ni langu, Profesa. Fundi hahusiki."

"Basi kaa nyumbani hadi Jumatano, kamati ya nidhamu ikusikilize. Kumsumbua mfanyakazi mwenzako si jambo dogo."

"Nimeelewa, Profesa."

Walimu walipotawanyika, Fundi alibaki peke yake na kompyuta. Alifungua mipangilio ya mfumo huo mpya wa ujumbe. Wiki iliyopita, ili kuujaribu mfumo, alitengeneza chumba cha maongezi cha watu wawili, yeye na Mhazili. Alimwambia, "Humu andika utakacho, hakuna atakayeona." Sasa alitazama sehemu ya kufuli. Kufuli lilikuwa wazi. Alisahau kulifunga. Kila kilichoandikwa mle kilikuwa kinaonekana na idara nzima.

Mhazili hakubonyeza vibaya. Aliandika palepale alipoambiwa aandike.

Na kumbukumbu ya mfumo ilionyesha wazi: tarehe, saa, na jina la aliyekiacha chumba hivyo. Lake. Kuifuta kungemchukua muda wa kupiga chafya. Hakuifuta. Ila alilifunga kufuli, akazima skrini.

Simu ikaita.

"Nisamehe," Mhazili alisema. "Nimekuaibisha mbele ya wakubwa. Naapa nilidhani nipo kwenye chumba chetu. Sijui kidole kiliteleza vipi."

Maneno yalimfika Fundi hadi kwenye ulimi. Yakakaa hapo.

"Yamepita," alisema.

"Umenisamehe kweli?"

"Nimekusamehe."

"Asante, mpenzi. Usinipigie hadi Jumatano, wasije wakasema tumepanga maneno. Kazi yako kwanza."

Simu ikakatika. Fundi aliishika mkononi kwa muda mrefu, akijichukia.

Jumapili asubuhi dada yake mkubwa, mshonaji aliyekuwa akiishi naye, alisimamisha cherehani katikati ya mshono.

"Siku ya tatu leo unaizungusha sahani mezani bila kula. Kuna nini?"

Fundi akaeleza. Dada hakumkatiza.

"Kwa hiyo kosa lako, lakini kabeba yeye?"

"Ndiyo."

"Na akakuomba msamaha, ukampa?"

"Ndiyo, dada."

"Ukampa kama nani? Kisa nini hasa? Kazi?"

"Kazi."

"Mdogo wangu, nakujua tangu unatambaa. Sema lingine."

Fundi alianza kulia. "Walimcheka, dada. Walisema mchapaji. Nikaogopa wasije wakanicheka na mimi. Ule mpango wa siri… haukuwa kwa ajili ya majaribio ya kazi. Nilikuwa namwonea haya."

Dada aliuma uzi, akautema.

"Haya. Hapo ndipo penye kidonda."

"Sasa nifanyeje?"

"Unaniuliza mimi? Uongo uliwaambia akina nani? Mimi nilikuwepo?"

Jumatano Fundi aliingia kwenye kamati bila kuitwa. Mhazili alikuwa ameketi peke yake upande mmoja wa meza, shati limepigwa pasi hadi linasimama lenyewe. Upande wa pili walikaa Mkuu, mwalimu wa takwimu, na ofisa wa utumishi.

"Fundi, zamu yako itafika," Mkuu alisema.

"Nikisubiri zamu nitakimbia, Profesa. Huyu hakunisumbua. Ni mchumba wangu, mwaka sasa. Chumba alichoandikia nilikitengeneza mimi, na mimi ndiye niliyesahau kukifunga." Akaweka karatasi mezani. "Hii ndiyo kumbukumbu ya mfumo, jina langu lipo. Nililijua hilo siku ileile, nikanyamaza."

"Ulinyamaza kwa nini?"

"Niliona aibu mlipomcheka."

Mwalimu wa takwimu akawa anasoma karatasi iliyokuwa mbele yake. Ilikuwa tupu.

"Unajua bado uko kwenye majaribio?" Mkuu aliuliza.

"Najua."

Saa moja baadaye maamuzi yalitoka. Mhazili arudi kazini, faili lake libaki safi. Fundi apewe barua ya onyo na kuongezewa miezi mitatu ya majaribio. Mkuu aliongeza kwa sauti ya chini, "Na sisi tuliocheka tunakuomba radhi, Mhazili."

Fundi alimkimbilia Mhazili kwenye korido.

"Subiri, tafadhali."

Alisimama, lakini hakugeuka upesi.

"Umesema kweli mbele yao. Asante."

"Niambie basi, tuko wapi?"

"Kufuli angeweza kulisahau yeyote," Mhazili alisema. "Hilo sina neno nalo. Lakini nilikupigia nikikuomba radhi, roho inaniuma, na wewe ulishajua. Ukaniambia umenisamehe."

"Nilikosa."

"Na hiyo aibu. Unajua nilikuwa nadhani unaogopa kwa ajili ya kazi? Nilikuwa nakutetea kichwani mwangu, kila siku." Alitikisa kichwa. "Acha nikafanye kazi."

Wiki mbili zikapita. Mfumo ulishamiri idarani; hata mwalimu wa takwimu akawa anauliza humo nani kachukua kikombe chake. Mhazili naye alimwandikia Fundi, ila maneno ya kazi matupu.

"Fundi, printa ya chumba cha tatu haitoi karatasi."

"Nakuja, Mhazili."

Basi. Akifika, anakuta printa na kiti kitupu.

Ijumaa moja mama anayefanya usafi alimvuta pembeni.

"Mwanangu, mimi mtaa mmoja na akina Mhazili. Ule uvumi ulifika kwa mama yake, kwamba mwanawe anasumbua wanawake kazini. Hadi leo hatoki. Hata kwenye kikundi chao cha kina mama haendi."

"Si amesafishwa jina?"

"Habari mbaya ina miguu, mwanangu. Ya kusafisha jina hutambaa."

Kesho yake asubuhi Fundi alikuwa mlangoni kwao. Mama alikuwa akikunja nguo zilizokauka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwanangu ametoka kidogo."

"Nimekuja kwako, mama. Mimi ndiye msichana wanayesema mwanao alimsumbua."

Mama alibaki na mkono wa shati hewani.

"Hakunisumbua. Tulipendana, mimi nikamficha. Kosa langu akalibeba yeye, na mimi nikamwacha alibebe."

"Mwanangu ana ubaya gani hata afichwe?"

"Hana, mama. Ubaya ulikuwa wangu."

Mama alimtazama, akamtazama tena. Kisha akaonyesha kwa kidevu ng'ambo ya uchochoro, kwenye bomba la maji, walikosimama wanawake watano na ndoo zao.

"Maneno hayo uliyonieleza, unaweza kuwaeleza wale?"

Fundi alivuka uchochoro.

"Samahanini, mama zangu," alianza. "Mnamjua Mhazili wa nyumba ile?" Akawaeleza yote, neno kwa neno, bila kujipunguzia. Ndoo moja ilijaa ikamwagika, hakuna aliyefunga bomba.

Alipogeuka, Mhazili alikuwa amesimama nyuma yake na mfuko wa sabuni mkononi. Haikujulikana amesikia kuanzia wapi.

Mama alikuwa amewafuata, shati bado mkononi.

"Wewe," alimwambia mwanawe mbele ya wote. "Huyu binti ni nani kwako?"

Mhazili aliuhamishia mfuko wa sabuni mkono wa pili. Fundi alitazama chini, akajiambia kwamba Mhazili akimkana hapa, ni haki yake kabisa.

"Ni mchumba wangu, mama," Mhazili alisema. "Ila nimemkasirikia sana."

"Basi ingieni ndani," mama alisema, akiwatangulia. "Mchumba hukasirikiwa akiwa amekaa kwenye kiti, si barabarani."